Mwenye Ufunguo wa Jina Ndiye Mwenye Barua

Ndugu msomaji, ukipita katika mji wowote wa nchi yetu, hebu tazama vibao vya biashara. Seremala, mwenye duka la dawa, mwenye mkahawa, mwenye gari la kubebea mizigo, wote wameandika namba ya simu na chini yake anwani ya barua pepe. Aghalabu anwani hiyo huishia kwa gmail.com au yahoo.com. Mwenye biashara amepata nafasi yake kabla ya alama ya @, lakini jina linalofuata alama hiyo ni la kampuni ya Marekani. Hilo si kosa wala si aibu. Hata hivyo, ni kama mtu aliyefungua duka kisha akatundika kibao chenye jina la mwenye nyumba.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi biashara, chama au hata shule inavyoweza kupata anwani yenye jina lake yenyewe, na mambo ya kuangalia ili jina hilo lisije likapotea. Kabla hatujaenda mbali, tuelewane juu ya jambo moja: jina ni kitu kimoja, na sanduku la kuwekea barua ni kitu kingine. Wengi huvichanganya viwili hivi, na hapo ndipo mambo huharibika.

JINA NA SANDUKU

Sote tunalijua sanduku la posta. Pale posta, namba na sanduku haviachani. Ukihama kutoka Kisumu ukaenda kuishi Nakuru, huwezi kuibeba namba yako ya sanduku. Itabaki kule kule Kisumu, na wewe utawaandikia jamaa wote kuwapa namba mpya.

Barua pepe yenye jina lako si hivyo. Hiyo inafanana zaidi na namba ya simu. Tangu mwaka wa 2011, Mkenya anaweza kuhama kampuni ya simu akaenda na namba yake ile ile. Vivyo hivyo, jina la mtandaoni, yaani domeini, unalisajili mahali pamoja, na sanduku la barua unalikodi mahali pengine. Ukichoshwa na mwenye sanduku, unahama. Anwani haibadiliki, na wateja wako hata hawajui kwamba umehama.

Ni kitu gani basi kinachounganisha jina na sanduku? Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Intaneti nayo ina daftari lake, nalo huitwa DNS.

Alama ya @ katika barua pepe ilianza kutumiwa mwaka wa 1971 na mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, ili kutenganisha jina la mtu na jina la tarakilishi yake. Siku zile, majina ya tarakilishi za mtandao yalikuwa katika faili moja tu. Tarakilishi zilipozidi kuongezeka, faili hiyo ikawa mzigo. Ndipo mwaka wa 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, daftari lililogawanywa katika matawi, kila tawi likitunza kurasa zake. Kenya ilipata tawi lake, .ke, mwaka wa 1993. Shirika la KENIC, ambalo ndilo linaloliendesha tawi hilo, liliundwa mwaka wa 2002.

Ndani ya .ke kuna vyumba. Chumba cha .co.ke ni cha biashara, .or.ke ni cha mashirika yasiyotafuta faida, .ac.ke ni cha vyuo, .sc.ke ni cha shule kama yetu, na .go.ke ni cha serikali. Tangu mwaka wa 2017 mtu anaweza pia kusajili jina linaloishia kwa .ke peke yake, bila chumba.

MFANO WETU

Ili tusizungumze hewani, tumchukue mama mmoja anayeshona sare za shule. Ana mhasibu mmoja, na kijana wa kupeleka mizigo. Shule humtumia oda kwa barua pepe, naye huzitumia ankara kwa njia iyo hiyo. Tuseme amechagua jina mfano.co.ke. Angependa anwani iwe oda@mfano.co.ke.

Afanyeje?

HATUA YA KWANZA: KUSAJILI JINA

KENIC haimuuzii mwananchi jina moja kwa moja. Jina hupatikana kupitia kwa wasajili walioidhinishwa, nao ni kampuni nyingi. Mama atafungua akaunti kwa msajili mmoja, atafute kama jina analolitaka lingali huru, kisha alipe ada ya mwaka.

Sasa basi, hapa tutulie kidogo. Watu wengi huenda saiba, wakamwambia kijana pale, "Nifungulie barua pepe ya kampuni." Kijana anaifanya kazi vizuri tu, lakini akaunti ya msajili anaifungua kwa jina lake mwenyewe, na nenosiri analibeba kichwani. Miaka miwili inapita. Kijana amehamia mji mwingine, namba yake ya simu haipatikani, na arifa ya kulipia jina inaenda kwake. Mama hana habari. Siku ya siku barua zinakatika.

Kwa hivyo akaunti ya msajili ni lazima iwe na jina la mwenye biashara, simu yake na anwani yake. Kijana wa saiba anaweza kusaidia kubofya, lakini ufunguo ukae kwa mama. Tena, anwani ambayo msajili atatumia kumwandikia mama isiwe ile ile ya mfano.co.ke. Kwa nini? Kwa sababu jina likikwama, barua ya kukuarifu kwamba limekwama nayo itakwama. Ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Hapa ile anwani ya zamani ya gmail.com inafaa sana.

Kumbuka pia kwamba jina halinunuliwi likawa lako milele. Hulipiwa kwa muda, kama vile sanduku la posta linavyolipiwa kila mwaka. Usipolipa, kwanza barua na tovuti husimama. Ukizidi kukawia, jina hurudi sokoni, na mtu yeyote anaweza kulichukua. Mtu huyo akishalichukua, anaweza kufungua sanduku lake na kuanza kupokea barua zote zinazoandikwa kwa anwani zako za zamani, pamoja na zile za kubadilishia nenosiri za akaunti zako nyingine. Ama kwa hakika, kupoteza jina ni zaidi ya kupoteza kibao cha duka.

HATUA YA PILI: KUKODI SANDUKU

Kampuni zinazokodisha masanduku ni nyingi. Zinazojulikana sana ni Google Workspace, Microsoft 365 na Zoho Mail. Aghalabu malipo huhesabiwa kwa kila mtu mwenye sanduku, kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa hivyo kabla ya kulipa, mama aketi na kalamu na karatasi aandike: ni watu wangapi wanaohitaji sanduku lao wenyewe?

Wengi hudhani kwamba kila anwani ni sanduku. La hasha! Sanduku moja linaweza kuwa na majina ya ziada. Katika Google Workspace, mtumiaji mmoja anaweza kuongezewa hadi majina 30 bila malipo mengine. Mama akiwa na sanduku lake moja, barua za oda@mfano.co.ke na habari@mfano.co.ke zinaweza zote kuingia humo. Mhasibu apate la pili, liitwe hesabu@mfano.co.ke. Kijana wa mizigo hahitaji. Masanduku mawili yanatosha.

Zingatia kwamba la mhasibu limepewa jina la kazi. Mhasibu akiacha kazi kesho, nenosiri linabadilishwa, anakuja mwingine, na shule zinaendelea kuandika kwa hesabu@mfano.co.ke kama kawaida. Mhasibu angekuwa anatumia anwani yake binafsi, angeondoka na barua zote za biashara, hata kama ni mtu mwaminifu asiye na nia mbaya.

Mama akishajiandikisha, kampuni ya sanduku itamtaka athibitishe kwamba jina ni lake kweli. Itampa mstari wa herufi na tarakimu zisizo na maana, na kumwambia auandike katika daftari la jina lake, mahali panapoitwa TXT. Google, kwa mfano, hutoa mstari unaoanza kwa google-site-verification. Mwenye ufunguo wa daftari pekee ndiye awezaye kuuandika, na huo ndio ushahidi.

HATUA YA TATU: KUMWAMBIA KARANI BARUA ZIENDE WAPI

Rekodi inayoelekeza barua huitwa MX. Mwalimu wa shule fulani anapoandika kwa oda@mfano.co.ke, seva inayotuma huuliza DNS, "Barua za mfano.co.ke hupelekwa wapi?" Rekodi ya MX ndiyo hujibu. Kwa Google Workspace, anayejiandikisha leo huandika rekodi moja tu, smtp.google.com, yenye namba 1. Huduma nyingine hutoa rekodi mbili au tatu zenye namba mbalimbali. Namba hizo ni foleni: ndogo hujaribiwa kwanza, na kubwa ni za akiba.

Kuna mambo manne ya kuangalia.

Mosi, fungua masanduku yote kabla ya kubadilisha MX. Barua ikifika na kukuta hakuna sanduku la hesabu, itarudishwa kwa aliyeituma.

Pili, futa rekodi za MX za zamani. Ukiziacha, barua nyingine zitaingia kwa sanduku jipya na nyingine kwa la zamani, nawe utashinda ukitafuta mchawi.

Tatu, kama una tovuti, usiguse rekodi iitwayo A. Hiyo ndiyo inayoonyesha tovuti iko wapi, wala haihusiki na barua. Tovuti inaweza kukaa kwa kampuni moja na barua kwa nyingine bila ugomvi wowote.

Nne, haraka haraka haina baraka. Seva za watu wengine hukumbuka jibu la zamani kwa muda ulioandikwa katika rekodi, uitwao TTL, nao huhesabiwa kwa sekunde. Ukiona 3600, maana yake ni saa moja. Ukiona 86400, ni siku nzima. Wajuzi hupunguza namba hiyo siku moja au mbili kabla ya kuhama, ili mabadiliko yaenee upesi. Na barua za zamani, je? MX haizibebi. Hizo zitahamishwa peke yake, kwa hivyo usilifunge sanduku la zamani kabla hujahakikisha umezitoa zote.

HATUA YA NNE: KUWAZUIA WANAOJIFANYA WEWE

Hapa ndipo wengi husema kazi imekwisha, kwa sababu barua zinaingia na kutoka. Kumbe bado! Barua pepe ilibuniwa wakati watumiaji walikuwa wachache na waliaminiana. Mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo anaweza kuandika barua na kuweka hesabu@mfano.co.ke mahali pa mtumaji, kama vile mtu yeyote anavyoweza kuandika anwani ya uongo nyuma ya bahasha. Tapeli anaweza kuiandikia shule, "Tumebadilisha akaunti ya benki. Lipeni ankara ya sare kupitia namba hii mpya." Basari wa shule ataona anwani ni ile ile, atalipa, na pesa zitakuwa zimekwenda na maji.

Kinga ni rekodi tatu, nazo tunaweza kuzielewa tukifikiria lango la shule yetu.

Ya kwanza huitwa SPF. Hii ni orodha inayotajia askari wa lango magari yanayoruhusiwa kubeba mizigo ya shule. Kwa anayetumia Google Workspace peke yake, huandikwa katika TXT hivi:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Maana yake ni kwamba seva za Google ndizo zenye ruhusa, na nyinginezo zitiliwe shaka. Rekodi hii iwe moja tu. Ukiandika mbili, zote huhesabiwa kuwa mbovu. Ukiwa na huduma nyingine inayotuma barua kwa jina lako, iongeze ndani ya mstari huo huo.

Ya pili huitwa DKIM. Hii ni mhuri. Kila barua inayotoka hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri unaokaa kwa kampuni ya sanduku, na ufunguo wa wazi wa kukagulia sahihi hiyo huandikwa katika daftari lako. Barua ikiguswa njiani, mhuri haukubali. Katika Google Workspace, msimamizi hutengeneza ufunguo, huuandika katika TXT kwa jina google._domainkey, kisha hurudi na kubofya ili utiaji sahihi uanze. Wengi husahau kule kurudi, na mhuri unakaa bure.

Ya tatu huitwa DMARC. Hii ni amri kwa askari: mgeni akija na jina letu, na hana gari lililo kwenye orodha wala karatasi yenye mhuri, umfanyeje? Huandikwa katika TXT kwa jina _dmarc, na huanza hivi:

v=DMARC1; p=none

Neno none humwambia askari atazame tu, asimzuie mtu. Ukiongeza anwani ya kupokelea ripoti, utaelezwa ni nani wanaotuma barua kwa jina lako. Baada ya wiki kadhaa, ukiona barua zako halali zote zinapita, badilisha iwe quarantine, yaani za kutiliwa shaka ziwekwe kwa barua taka. Mwisho iwe reject, yaani zikataliwe langoni. Ukirukia reject siku ya kwanza, unaweza kujifungia nje wewe mwenyewe.

Mambo haya si mapambo. Tangu Februari 2024, Gmail humtaka kila anayetuma barua kwa watumiaji wake awe na SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku awe na zote tatu. Asiyefuata, barua zake zinaweza kutupwa kwa barua taka au kurudishwa.

Ukimaliza, jaribu. Jitumie barua kutoka sanduku jipya hadi anwani yoyote ya Gmail, kisha fungua maandishi yake ya asili kupitia menyu ya barua hiyo. Utaona SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja iandikwe PASS. Kisha ijibu, uone kama jibu linafika.

KINGA HII HAIZUII KILA KITU

Nisikudanganye, ndugu msomaji. Rekodi hizi tatu hulinda jina lako lenyewe, wala hazilindi jina linalofanana nalo. Tapeli anaweza kusajili jina lake halali kabisa, lenye herufi moja zaidi au kistari katikati, akaliwekea SPF, DKIM na DMARC, na barua zake zikapita lango kwa heshima zote. Kwa hivyo anayepokea barua ya kubadilisha akaunti ya benki asilipe kabla ya kupiga simu, tena kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani. Asitumie namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Aidha, mwizi akipata nenosiri la mama, atatuma barua zenye mhuri halali. Kwa sababu hiyo, akaunti ya msajili na ile ya msimamizi wa masanduku ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili. Kati ya hizo mbili, ya msajili ndiyo kubwa zaidi. Anayeishika anaweza kubadilisha MX na kujielekezea barua zote, hata kama nenosiri za masanduku hazijui. Ndiyo maana nikasema mwenye ufunguo wa jina ndiye mwenye barua.

LA KUFANYA

Wanachama wenzangu, wengi wetu tuna wazazi, wajomba na shangazi wenye biashara ndogo ndogo, au walio katika vyama vya ushirika na makanisa na misikiti yenye anwani za aina hii. Sisi ndio huitwa likizoni tuwasaidie na simu. Mkifunga shule, waulizeni kwa heshima maswali matatu. Akaunti ya msajili iko kwa jina la nani? Jina linaisha tarehe ngapi? Nani mwingine anajua nenosiri? Majibu yaandikwe kwa daftari la karatasi na kuwekwa pamoja na hati nyingine za nyumbani, kama cheti cha biashara na hati ya shamba.

Mzee akijibu kwamba hajui, msicheke. Mtafuteni yule aliyefungua akaunti mapema, angali anapatikana kwa simu na angali anakumbuka nenosiri, aihamishie kwa mwenyewe. Leo ni kazi ya nusu saa. Akishatoweka, itakuwa kazi ya barua, viapo na safari za bure. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.